Ukiingia makumbusho ya rejimenti, anza na majina

Watu wengi wakisikia makumbusho ya jeshi Uingereza wanafikiria yale makubwa ya London yenye vifaru na ndege zimening'inizwa darini. Hayo mazuri, sikatai, nenda ukayaone. Ila mi nataka niongelee aina nyingine kabisa ambayo imenifunza mengi zaidi, makumbusho ya rejimenti, yale madogo madogo ambayo karibu kila kikosi cha zamani kina la kwake, yapo zaidi ya 100 nchi nzima na mengine hata wenyeji wa mji wenyewe hawajawahi kuingia. Nimeyazungukia kiasi kipindi nipo huko kwa masomo, sababu babu yangu mzaa baba alikuwa KAR, yani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani akarudi mzima, na alichotuachia ni medali moja na maneno machache sana. Nilikuwa natafuta alama yake, hata kidogo. Naandika hapa nikiamini wapo wengi wenye babu kama wangu na hawajui waanzie wapi.

Kwanza uelewe rejimenti kwa wenzetu ni nini. Mwaka 1881 jeshi la Uingereza lilipangwa upya, rejimenti za askari wa miguu zikafungwa na mikoa yao, kwa hiyo kijana wa Berkshire anaingia ya Berkshire, wa Wiltshire anaingia ya Wiltshire, baba akistaafu mtoto anaingia, ndugu wanakutana kombania moja, mtaa mzima unajuana. Ndo maana makumbusho yake hayakuelezi vita nzima ilikwendaje, usitegemee kukuta ramani ya dunia yenye mishale. Ni kama sebule ya familia, picha zimetundikwa na wenye nyumba, za watu waliowapenda, na wewe ni mgeni umekaribishwa uangalie. Ukishalijua hilo hata macho yanabadilika, unaacha kuhesabu bunduki unaanza kujiuliza huyu aliyewekwa ukutani ni nani, kaletwa na nani, na nani hayupo hapa na alikuwepo.

Na familia zenyewe nyingi zilishakwisha. Chukua lile la Salisbury, lipo kwenye nyumba ya zamani inaitwa The Wardrobe, jirani kabisa na kanisa kuu, nyuma yake kuna bustani inashuka mpaka mtoni. Humo vimehifadhiwa vitu vya rejimenti za Berkshire na Wiltshire. Hizo rejimenti hazipo tena, mwaka 1959 ziliunganishwa ikawa moja, 1994 hiyo moja ikaunganishwa na ya Gloucestershire, 2007 ikaingia kwenye rejimenti kubwa inayoitwa The Rifles. Majina yamekufa, lakini vitu vina pa kukaa, maana kila kikosi kipya kilirithi mali na kumbukumbu za kile kilichotangulia. Hilo la kurithi litunze kichwani, nitalihitaji nikifika kwa KAR.

Sasa medali. Watu wanapita kwenye kabati la kioo wanaangalia riboni zile za rangi na sura ya mfalme, wanaendelea. We inama uangalie ukingo. Medali za duara za kampeni za Waingereza za Vita ya Kwanza ya Dunia zimechongwa ukingoni, namba ya askari, cheo, jina na kikosi chake, herufi ndogo sana ambazo inabidi ukae pembeni mwanga ukukamate vizuri ndo uzisome. Halafu nenda kabati la Vita ya Pili, angalia zile nyota za pembe sita, Africa Star, Italy Star, Burma Star. Hakuna kitu. Serikali ya Uingereza iliamua kuzitoa bila kuchonga majina, wakati Afrika Kusini na India wao wakachonga za kwao. Mzee mmoja aliyekuwa zamu ndo alinieleza hilo na kwa kweli nilisimama pale pale kwa muda, sababu ya babu ndo hiyo hiyo Burma Star, riboni ya bluu iliyokolea ina mstari mpana mwekundu katikati na vistari vya rangi ya chungwa pembeni, na nyumbani tulikua tukiambiwa jina lilifutika kwa kusuguliwa. Halikufutika, halikuwahi kuwekwa. Maana yake ile nyota bila karatasi ya kuisindikiza ni ya mtu yeyote, ikitoka mikononi mwetu leo hakuna atakayejua ilivaliwa na nani.

Kuna kingine utakikuta karibu kila makumbusho ya hivi, duara la shaba lenye upana kama sentimita 12, lina Britannia, yule mwanamke wa kuchorwa anayesimama badala ya Uingereza, amesimama na simba miguuni. Hilo walipewa ndugu wa karibu wa wanajeshi waliokufa Vita ya Kwanza, yalitengenezwa zaidi ya milioni 1.3. Kwenye kiboksi kidogo upande wa kulia wa Britannia kuna jina la marehemu, jina tupu, cheo hakipo, na walifanya hivo makusudi ili jenerali na kuruta wawe sawa kifoni. Moja nilikaa nayo muda mrefu. Pembeni shaba imekuwa nyeusi kabisa, lakini pale kwenye jina inang'aa, na herufi zimelainika mpaka zinaanza kupotea. Nikauliza. Nikaambiwa mama yake huyo kijana alikuwa anaipangusa kila Jumapili mpaka anafariki, wajukuu wa dada yake ndo wakaileta, na makumbusho wakaamua isisafishwe tena, iachwe na huo mng'ao wa kidole cha mama. Ukiona kitu kama hicho unaelewa kwa nini hawa watu wanahangaika kuweka vijumba hivi wazi kwa kujitolea, hela yenyewe hawana.

(Vikopo vya Princess Mary, binti wa mfalme, walivyopewa wanajeshi Krismasi ya 1914 navyo viangalie, vya shaba ya njano, vilikuwa na tumbaku na sigara na picha yake, asiyevuta anapewa peremende, na Wahindi wengine waliwekewa viungo vya chakula na sukari. Kuna vingine sigara bado zipo ndani, zimepangwa vile vile.)

Bendera pia. Rejimenti ya miguu ina bendera mbili, ya mfalme na ya rejimenti yenyewe, na zimedariziwa majina ya mapigano waliyopewa heshima. Zamani zilikuwa zinabebwa mstari wa mbele, mara ya mwisho ni Laing's Nek huko Afrika Kusini Januari 1881, baada ya hapo zikawa za gwaride tu, na zikichakaa nyingi zinatundikwa kanisani zikae mpaka zioze zenyewe. Mgeni anaona kitambaa chakavu anapita. We soma majina. Preston, kaskazini, ndani ya kambi ya Fulwood kuna makumbusho ya askari wa miguu wa Lancashire, na kwenye orodha ya heshima za vita za rejimenti ya Loyal North Lancashire kuna neno Kilimanjaro. Kilimanjaro, Preston! Batalioni yao ya pili ndo walikuwa Waingereza waliokuja na jeshi la Wahindi kutua Tanga Novemba 1914, jeshi zima karibu watu 8,000, wakarudishwa baharini na kikosi cha von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kilichokuwa na watu kama 1,000 hivi na wengi wao Waafrika. Tanga haimo kwenye orodha, Kilimanjaro ya 1916 imo. Hata hilo ni somo, familia inaandika ukutani siku ilizoshinda.

Na KAR wenyewe walikuwa na za kwao. Kilimanjaro, Narungombe, Nyangao. Narungombe na Nyangao ni Lindi jamani, watu wanapita pale na mabasi yao kila siku, na mwaka 1917 palikuwa na vita nzito sana ambayo mtoto wa shule hapo hapo Lindi hajawahi kuambiwa. Mi mwenyewe nilivisoma hivyo vijiji kama heshima ya vita nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mbao maelfu ya kilomita kutoka huko.

Ila kitu kilichonipa faida kuliko vyote ni kuongea na wale wazee wa zamu. Wengi ni wanajeshi wastaafu wa hicho hicho kikosi, wanajitolea, wanakaa mlangoni na thermos yao ya chai. Ukimuuliza choo kiko wapi atakujibu choo kiko wapi. Ukimuuliza historia ya rejimenti atakukariria yaliyo ukutani. Mi nilizoea kuuliza swali moja tu, mzee, humu ndani wewe mwenyewe unakipenda kitu gani? Hapo mtu anasimama. Mmoja alinipeleka kwenye daftari la kuandikisha askari, akaniwekea kidole kwenye safu ya kazi walizokuwa wanafanya kabla ya jeshi, mfua vyuma, mkulima, mkulima, fundi viatu, mkulima, akasema hawa ndo rejimenti, zile panga za maofisa ni mapambo. Mwingine nilipomwambia babu yangu alikuwa KAR akakaa kimya kidogo halafu akasema ngoja.

Jambo lenyewe ni hili, na ndo sababu kubwa ya mimi kuandika haya yote. Maofisa wa KAR hawakuwa wa KAR moja kwa moja, wengi waliazimwa kutoka rejimenti za Uingereza, anakuja Afrika Mashariki miaka michache, anarudi kikosini kwake. Na alirudi na albamu ya picha. Akifa mjane anaipeleka kwenye makumbusho ya rejimenti ya mumewe. Kwa hiyo picha za babu zetu hazipo sehemu moja yenye bango la KAR, zimetapakaa kwenye vijumba vya Uingereza vijijini, ndani ya maboksi ya kadibodi stoo, zimeandikwa jina la ofisa wa huko. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia, na sidhani ningelijua kwa kusoma.

Yule mzee alileta boksi, akavaa glavu, akafungua. Picha ya kwanza ofisa kakaa kwenye kiti, miguu kaikunja, mbwa pembeni, nyuma yake askari wamesimama mistari mitatu, fulana za kambi, bunduki wima, wengine wanajizuia kucheka unaona kabisa shavu limevimba. Chini kwa wino: jina kamili la ofisa na cheo chake, halafu "na askari wake". Basi. Nyingine hivyo hivyo. Nyingine hivyo hivyo. Nikamuomba aigeuze ile ya kwanza. Nyuma kulikuwa na maandishi ya penseli yamefifia, kumbe ofisa huyo huyo aliwaandika wote mstari kwa mstari, na makumbusho hawajawahi kuyaingiza kwenye katalogi kwa sababu hakuna aliyeweza kuyasoma. Mzee wa watu asingeweza hata kukisia, majina hayamwambii kitu. Ila mtu aliyekua anaita watu hayo majina, akiona "Mwinyi" halafu doa halafu "vua" anajua ni nini, akiona "Hami" anajua iliyobaki. Tulikaa mchana wote, mimi nasoma kwa sauti anaandika kwa herufi kubwa, ananirudisha, hii herufi moja au mbili? Babu hakuwemo, ile picha ilipigwa kabla hajazaliwa. Lakini wale watu sasa wameandikwa.

Nirudi Salisbury kuna jambo lilinikaa vibaya na bado halijanitoka. Humo ndani kuna mbwa anaitwa Bobbie, amekaushwa yupo kwenye kioo. Alikuwa mbwa wa rejimenti ya 66 ya Berkshire iliyopigwa vibaya Maiwand, Afghanistan, tarehe 27 Julai 1880. Watu 11 wa mwisho walisimama pamoja kwenye bustani wakapigana mpaka wakaisha, mbwa alikuwa nao, akajeruhiwa, akatafuta njia peke yake mpaka akawapata wenzake waliokuwa wanarudi nyuma. Akaletwa Uingereza, Malkia Victoria akamvisha medali ya Afghanistan, mwaka uliofuata akagongwa na gari la farasi akafa. Ukienda Reading kuna sanamu kubwa ya simba ya mwaka 1886 kwa ajili ya rejimenti hiyo hiyo, chini yake yameandikwa majina ya waliokufa kampeni ile, 329, maofisa na askari wa kawaida wote.

Sina ugomvi na Bobbie. Nampenda, kila mtu anampenda, na watoto wanasimama pale wanauliza maswali mazuri kuliko sehemu yoyote humo ndani. Ila nilisimama mbele yake nikiwa nawaza wapagazi. Kampeni ya Afrika Mashariki ya 1914 mpaka 1918 ilipiganwa sehemu ambazo ndorobo walikuwa wanaua farasi na ng'ombe na nyumbu wote, reli hakuna, barabara hakuna, kwa hiyo kila risasi na kila gunia la unga lilibebwa kichwani. Waingereza peke yao walitumia karibu watu milioni moja kwa kazi hiyo, wengi walichukuliwa kwa nguvu vijijini. Inakadiriwa zaidi ya 90,000 walikufa, na wengi hawakufa kwa risasi, ni kuhara, malaria, nimonia, chakula kibovu ambacho tumbo halijazoea, na uchovu. Mbwa ana jina, ana medali, ana kioo. Hawa tunakadiria.

Na hili sio la kubuni kwa uchungu, lilishachunguzwa. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya kamati yake yenyewe ikakiri kwamba wafu kati ya 45,000 na 54,000 hivi, wengi wao Waafrika na Wahindi, walikumbukwa bila usawa, na wengine angalau 116,000, huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Ile sanamu ya Askari pale Dar es Salaam ya mwaka 1927, na zile za Nairobi ambako pamoja na askari kuna mpagazi, ni kazi nzuri mno za sanaa, lakini zunguka pande zote, hutakuta jina hata moja. Ndo ulikuwa mpango wenyewe, Mzungu ajengewe kaburi lenye jina, Mwafrika asimamishiwe sanamu moja kwa wote. Kuna kitu kimeanza kubadilika, Januari 2025 kule Cape Town ilizinduliwa kumbukumbu yenye majina ya zaidi ya watu 1,700 weusi wa Afrika Kusini waliofanya kazi hizo za jeshi wakafa, kila mmoja ana nguzo yake ya mbao yenye jina lake. Kwa hiyo inawezekana. Hata baada ya miaka zaidi ya 100 inawezekana, kama orodha ipo.

Sasa ule urithi niliosema. KAR iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland, Uganda, Afrika Mashariki ya Waingereza na Somaliland. Uhuru ulipokuja ikagawanyika, Malawi ikawa na yake, Uganda na yake, Kenya na yake, na batalioni ya sita ikawa Tanganyika Rifles. Kambi yao Dar iliitwa Colito, jina la mapigano ya Ethiopia ya Mei 1941 ambayo sajini mmoja wa 6 KAR, Nigel Leakey, alipata Victoria Cross, medali ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, baada ya kufa. Tarehe 20 Januari 1964 wanajeshi wakaasi hapo hapo Colito, jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likazaliwa JWTZ, jeshi jipya la wananchi. Kambi ikaitwa Lugalo, jina la pale Iringa ambapo Mkwawa aliwapiga Wajerumani 1891. Na mi naona ilikuwa sahihi, nchi huru haiwezi kuzaliwa ikiwa imevaa beji ya mfalme wa watu wengine. Lakini matokeo yake mzee aliyepigana Burma akabaki hana kikosi cha kumrithi. Waingereza wana jeshi lao wenyewe, wao walimtumia. Sisi tuna jeshi letu, yeye hakuwa wa hilo. Berkshire imekufa ikazikwa mara tatu na bado ina nyumba yenye bustani Salisbury, KAR haina sebule.

Nilipofika hapo kwenye kufikiri nikampigia baba mdogo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Masomo?"

"Yanaenda. Baba mdogo samahani, hivi babu alikuwa batalioni namba ngapi?"

"Batalioni? Mmh. Yeye alikuwa anasema thati siksi. Tukichelewa kuamka kwenda shamba anapita anagonga madirisha, thati siksi hailali! Sisi tulidhani ni tusi."

Thelathini na sita. Ukishapata namba umepata mlango, sababu wakati wa Vita ya Pili KAR walipanua batalioni zao kwa kuongeza tarakimu mbele, kwa hiyo 26 na 36 zimetokana na ile ya 6, Tanganyika, na 34 na 44 zimetokana na ya 4, Uganda, na 22 imetokana na ya 2, Nyasaland. Ya 36 ilikuwa Brigedi ya 26, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wa beji ya kichwa cha kifaru. Na njia ya divisheni hiyo inajulikana, katikati ya mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw wakati wa masika ambayo jeshi lolote lingepumzika, wakiwafukuza Wajapani waliotoka kushindwa Imphal na Kohima upande wa India, matope, malaria, homa ya kupe wadogo, mizigo inadondoshwa na ndege mawingu yakiruhusu. Desemba wakaichukua Kalewa na likajengwa juu ya mto Chindwin moja ya madaraja marefu kabisa ya chuma ya kuunga ya wakati huo, karibu mita 350. Babu alikuwa anatuambia alivuka daraja ambalo mwisho wake hauonekani kwa ukungu. Nilidhani ni hadithi za babu.

Shajara za vita za upande ule zinatunzwa Kew, London, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, The National Archives, fungu la WO 172, mtu yeyote anaruhusiwa kwenda kusoma. Usiende na matumaini ya kukuta jina la babu, shajara hazikuandikwa hivyo, ofisa akijeruhiwa anatajwa, askari wa kawaida wanahesabiwa tu wawili watatu, na lazima niseme ukweli hata Waingereza wa kawaida waliandikwa hivyo hivyo. Ila utajua tarehe fulani walilala wapi, mvua ilikuwaje, doria ilitoka saa ngapi. Kama babu yako hakurudi, hapo kuna afadhali kubwa kuliko Vita ya Kwanza, kumbukumbu za waliokufa 1939 mpaka 1945 zina majina mengi ya watu wetu, ile ya Rangoon iliyopo Taukkyan ina karibu majina 27,000 ya waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana na wa Afrika Mashariki wamo, na tovuti ya hiyo tume ya makaburi unatafuta jina bure. Jaribu tahajia zote, Hamisi, Amisi, Hamis, karani aliandika alivyosikia.

Kwa atakayebahatika kuwa karibu na makumbusho haya, usiende tu. Mengi yanafungwa siku kadhaa za wiki na baadhi ya miezi ya baridi, na yale yaliyo ndani ya kambi getini watakudai kitambulisho. Waandikie kabla, wiki kadhaa kabla. Usiwaulize kama wana kitu cha KAR, watakujibu hawana na hawadanganyi, kwenye katalogi hakipo kwa jina hilo. Waulize ni maofisa gani wa rejimenti yao waliwahi kuazimwa kwenda East Africa, na kama kuna albamu au barua za yeyote kati yao. Ukifika omba picha zigeuzwe. Na uwaambie mapema kwamba unasoma Kiswahili na uko tayari kukaa nao kutwa kuwasomea majina, mi kila niliposema hivyo boksi lilikuwa tayari mezani kabla sijavua koti.